Varanasi na mto Ganga: yasemwayo na yaliyo kweli

"Varanasi ni mji wa kifo." Husemwa sana juu ya mji huu wa India ulio kando ya Ganga, na hunisikitisha, maana waumini wa Kihindu wenyewe huuita Kashi, mji wa nuru. Ni kweli wapo wazee na wagonjwa wanaokwenda kumalizia siku zao huko. Wahindu huamini kwamba roho huzaliwa tena na tena, na kwamba anayefia Kashi hunong'onezwa na mungu Shiva mwenyewe neno la kumvusha, akatoka katika mzunguko huo. Kutoka huko ndiko moksha. Basi mgonjwa yule hakukata tamaa. Amekwenda na tumaini. Na mahujaji walio wengi huoga, husali, wakarudi kwao.

"Wanaabudu maji." Ganga kwao ni mama, mungu wa kike aliyeshuka kutoka mbinguni, Shiva akampokea kwa nywele zake asije akaipasua ardhi. Alfajiri, muumini husimama mtoni maji yakimfika kiunoni, huchota kwa viganja viwili, huyainua kuelekea jua linalochomoza ng'ambo, kisha huyaachia yadondoke polepole. Anamsalimu mama.

"Hawajui kuwa mto ni mchafu." Hapa ndipo tunapowakosea zaidi. Veer Bhadra Mishra alikuwa kiongozi wa hekalu la Sankat Mochan na pia profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha Banaras, jina jingine la Varanasi. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kupigania usafi wa Ganga. Vipimo alivijua kuliko wanaomcheka, na bado alikuwa na desturi ya kuoga mtoni alfajiri. Kwake utakatifu wa mto haukuondolewa na uchafu, na uchafu haukufichwa na utakatifu. Mama akichafuliwa, mwana humsafisha. Tena kinachouchafua zaidi ni majitaka ya miji, wala si majivu ya maiti wanaochomwa kandoni mwake.

"Ni pa Wahindu tu." Sarnath, ambako Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibudha, alitoa mahubiri yake ya kwanza, ni mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka mjini. Na Bismillah Khan, Muislamu aliyefariki mwaka 2006, aliishi mjini humo akipuliza shehnai, ndugu wa zumari yetu, hata hekaluni.

"Kumchoma maiti ni kumdharau." Sisi tunaozika huona hivyo upesi. Lakini pale Manikarnika, ngazi za mtoni wanakochomea maiti, marehemu huletwa kwenye machela ya mianzi, amefunikwa vitambaa vya rangi, akachovywa mtoni mara ya mwisho. Moto hutoka kwa watu wa jamii ya Dom, ambao kazi yao ni kuutunza usizimike. Mara nyingi mwana mkubwa, kichwa kimenyolewa, amevaa nguo nyeupe, ndiye anayewasha. Saa kadhaa baadaye huchukua chungu cha maji ya Ganga, hukipa mgongo kitanda cha kuni, hukirusha chungu juu ya bega, kikavunjika juu ya majivu. Kisha huondoka, bila kugeuka nyuma.