400 Mnaisingizia

Wiki hii huyu ni wa nne. Kijana kaingia na filamu za negativu nilizomsafishia juzi, akaniwekea simu mezani: "Ami, hii filamu ya Kodak Portra 400 ina chenga, vidoadoa kila mahali. Nipe Gold 200, ile ni laini." Nikamtazama mpaka kahawa ikapoa.

Ile 400 au 200 ni ISO, na ISO ni kasi ya filamu kunasa mwanga. Ni kweli, katika ukoo mmoja filamu ya kasi ina chenga zaidi, maana fuwele za chumvi ya fedha zinazonasa mwanga haraka ni kubwa. Lakini Portra na Gold si ukoo mmoja. Kodak wenyewe, kwa kipimo chao cha chenga kwenye picha ya inchi 4 kwa 6 iliyotoka filamu ya 35mm, Portra 400 wameipa 37 na Gold 200 wameipa 44; namba kubwa, chenga nyingi. Jicho huanza kuziona kwenye 25 hivi, na tofauti ya 4 tu watu wengi huigundua. Haya, nani laini? Ektar 100, filamu yao nyingine, iko chini ya 25, ila nyuso huzipiga wekundu, harusini siibebi.

Basi chenga zake zimetoka wapi? Niliiinua negativu dirishani: nyembamba, vivuli vitupu kama kioo. Amempiga bibi aliyekaa barazani, kichochoro cha Mkomani, na nusu ya fremu ni ukuta wa chokaa unaochomwa na jua la saa sita. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, imeuona ukuta, ikabana mwanga. Bibi kapata makombo. Filamu ya rangi ikisafishwa, fedha yote hutolewa, yanabaki mawingu madogo ya rangi. Mwanga ukitosha, mawingu hupandana na kuzibana nafasi, picha ikatulia. Ukiwa haba, hutawanyika ukayaona moja moja. Kisha skana inalazimishwa kuling'arisha giza lile, inaleta chenga zake yenyewe, na mtu wa studio anatia ukali juu yake. Halafu mnasema ni filamu!

Mimi 400 naipima kama 200, yaani naipa mwanga maradufu, na napima kivulini. Negativu huvumilia; slaidi usijaribu.

Na zile "rangi za Portra" mnazozisifu je? Hapo nalegea. Negativu ina utando wa chungwa, na anayeskani ndiye huamua weupe wa kanzu uweje. Niliwahi kuskani Portra na Gold zilizopigwa baraza moja, nikazirekebisha, kisha zikanichanganya mpaka niliposoma maandishi ya ukingoni. Na vivuli vikitoka vya kijani, nimezoea kuwaambia wateja ni filamu iliyokaa dukani chini ya mabati. Huenda ni hivyo. Huenda pia ni dawa yangu ya kusafishia, iliyotakiwa iwe nyuzi 37.8 na umeme ukakatika.

Kijana kanunua Gold mbili. Nikamwambia apime kiganja chake kivulini, aongeze stopu moja, yaani mwanga maradufu, ndipo apige. Akaniuliza kama kuna programu ya simu inayoondoa chenga.