Amplifaya "kuingia protekti" maana yake nini?

Muziki unapiga vizuri kwenye gari, besi inashuka, mara kimya. Baada ya sekunde chache sauti inarudi, halafu inakatika tena. Fundi anafungua buti, anaona taa nyekundu kwenye amplifaya na kusema, "Imeingia protekti." Wengi wakisikia hivyo huona amplifaya imekufa. Wananunua nyingine, na ile mpya nayo inaanza kujikata vilevile kabla ya mwezi kuisha. Inauma kuona mtu anatupa pesa kwa sababu ya neno ambalo hakuelezwa vizuri.

Protekti ni hali ya kujilinda. Ndani ya amplifaya kuna sakiti inayochunga mambo machache: volti zinazoingia, mkondo unaokwenda kwenye spika, na joto la transista. Lolote kati ya hayo likivuka mpaka, sakiti hiyo inazima sauti kabla kitu hakijaungua. Kwa hiyo, mara nyingi, amplifaya inayojikata na kurudi ni nzima. Ugonjwa uko kwenye waya, betri au spika.

Kabla ya kufungua chochote, mtu mmoja akae buti akiiangalia taa wakati mwingine anapiga muziki mbele. Sauti ikikatika taa ikiwa ya kijani bado, amplifaya haijajilinda hata kidogo. Tafuta waya wa sinyali unaotoka kwenye redio, au waya wa spika uliolegea. Taa ikizimika kabisa, umeme umekatika njiani: fyuzi, kichwa cha betri, au waya wa rimoti, ule mwembamba unaotoka kwenye redio kuiambia amplifaya iwake. Ikigeuka nyekundu, hapo ndipo tunazungumzia protekti yenyewe. Dakika hizo tano huokoa nusu siku ya kubahatisha.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni volti kushuka, na hapa inafaa tupige hesabu kidogo. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka altaneta hupandisha hadi kama 14. Amplifaya nyingi hujizima zikipata volti 10 hivi, nyingine kabla ya hapo. Sasa tuseme bolti ya waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, haikushika vizuri na ina ukinzani wa ohmu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukionyesha vizuri. Besi ikigonga, amplifaya inavuta ampea 50. Zidisha 50 kwa 0.05, unapata volti 2.5 zilizopotelea kwenye bolti moja. Ukiwa umezima injini, amplifaya inabaki na volti 10 au pungufu, na inajikata. Besi ikinyamaza mkondo unashuka, volti zinarudi, na sauti inarudi. Ndiyo maana gari hilohilo linapiga taarabu ya taratibu safari nzima bila tatizo, lakini likiwekewa singeli linakata kila dakika.

Kuna gari la abiria moja ambalo mwenyewe alikuwa ameshabadilisha amplifaya mara mbili. Hasi ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya kiti cha nyuma, na kwa nje ilionekana imekazwa barabara. Tulipoifungua, chini yake kulikuwa na rangi ya gari haijakwanguliwa, na pembeni kutu la kahawia, maana gari linafanya kazi pwani na hewa ya chumvi haina huruma. Ncha ya waya ilikuwa imebadilika rangi kwa joto. Tukapiga msasa hadi bati likang'aa, tukafunga ncha mpya, tukakaza, tukapaka grisi juu yake. Amplifaya ileile haikukata tena.

Njia ya kulikamata tatizo hili ni kupima muziki ukiwa unapiga. Ukipima kukiwa kimya kila kitu kitaonekana kizuri. Weka mita kwenye volti, mkono mmoja wa mita kwenye tundu la hasi la amplifaya, mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, kisha mwambie mwenzako aongeze sauti. Ikizidi nusu volti, njia ya hasi ina kasoro. Rudia upande wa moto, yaani chanya, na ukague kasha la fyuzi lililo karibu na betri, maana ya bei rahisi huyeyuka ndani bila kuonekana nje. Kwangua pia waya wenyewe: ukiona weupe wa alumini chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na inahitaji unene mkubwa zaidi ili kubeba mkondo uleule. Wapo wanaokimbilia kununua kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi umeme wa kusaidia besi ikigonga. Kapasita haitibu bolti yenye kutu.

Chanzo cha pili ni ohmu za spika. Sabufa mbili za ohmu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa ohmu 2, na ohmu zikipungua mkondo unaongezeka. Amplifaya iliyounganishwa chaneli mbili kuwa moja, na ambayo imeandikwa isishuke chini ya ohmu 4, itajikata ukiongeza sauti, na ina haki. Waya wa spika uliobanwa mlangoni nao ukigusa bodi huleta nyekundu papo hapo, pengine kila mlango unapofungwa.

Joto lina tabia yake: linachukua nusu saa au zaidi kukata, na amplifaya ukiigusa inakuunguza. Iondoe chini ya zulia, ipate hewa.

Kama bado hujui, chomoa spika zote na nyaya za sinyali, uache moto, hasi na rimoti. Nyekundu ikibaki huku mita ikionyesha volti 12 kwenye matundu, hapo amplifaya yenyewe imeharibika ndani, apewe fundi wa elektroniki. Ikizimika, rudisha spika moja baada ya nyingine hadi umpate mkosaji.

Na fyuzi ikikatika, rudisha ya ampea zilezile. Kuweka kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kuondoa ulinzi pekee uliopo kati ya betri na zulia la gari lako.