Dayali Geji ya Mtumba: Tazama Mshale Unarudi Wapi

Wanaoanzisha karakana ndogo nyumbani huniuliza kama dayali geji iliyotumika, yaani kile kipimo chenye uso kama wa saa ambacho mshale wake huonyesha mwendo mdogo sana wa ncha, inafaa kununuliwa. Mimi ni mkerezaji, na geji ninazozitegemea zaidi zote zilipitia mikono ya watu wengine kabla yangu. Inafaa, tena sana. Umri hauiui geji. Kinachoiua ni kuangushwa, vumbi la jiwe la kunolea, na mafuta.

Naam, mafuta. Mtu akiona fimbo ya geji, ile yenye ncha inayoingia na kutoka, inakwama, jambo la kwanza ni kuidondoshea oili. Kwa siku chache inateleza vizuri. Kisha oili inakamata vumbi, inaganda kwenye gia ndogo za ndani, na springi yenye nguvu ya unywele haiwezi tena kuurudisha mshale. Fimbo ya geji hufanya kazi ikiwa kavu. Ukiona utando wa kahawia umeizunguka pale inapoingia kwenye shingo, kile kibomba inamopita, jua imeshapakwa oili.

Sasa ishike mkononi. Isukume fimbo kwa kidole, taratibu kabisa, kutoka chini hadi juu, huku macho yako yakiwa kwenye mshale. Usiangalie namba, angalia mwendo. Mshale mzima husogea kama maji yanayotiririka. Ukisita mahali fulani kisha ukaruka, rudia: kama unaruka palepale kila mara, kuna jino la gia lililoumia, na hilo halitibiki kwa kusafisha. Sasa ishushe fimbo kwa utaratibu uleule. Wengi hujaribu kupanda tu, na hapo ndipo wanapopotea, maana ubovu mwingi hujificha kwenye kushuka.

Halafu iweke kwenye stendi, ncha iguse chuma bapa, uzungushe uso mpaka sifuri ikae chini ya mshale. Inua fimbo, ishushe polepole. Fanya hivyo mara kumi. Mshale urudi palepale, au upishane kwa sehemu ndogo tu ya mstari mmoja. Mwisho, gonga stendi kidogo kwa ukucha. Mshale ukihama baada ya kugongwa, basi ulikuwa umekwama na ulichokisoma hakikuwa kweli. Jaribio hili la ukucha ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote.

Niliwahi kununua moja bila kulifanya. Kioo kilikuwa safi, kisanduku cha asili kipo, alama za uso kali kama mpya. Nikaifunga kwenye mashine ya kukereza, nikaanza kuweka kipande katikati ya taya nne zinazokishika. Nilikaza taya hii, nikalegeza ile, kila mzunguko ukinipa jibu jingine, hadi nikaanza kuishuku bearingi ya mashine yangu. Mashine haikuwa na kosa. Leo ninayoitumia ina uso uliogeuka rangi ya chai na mkwaruzo kwenye kioo, lakini mshale wake unarudi.

Kuhusu usahihi, usivutwe na geji ya 0.001 mm kwa sababu tu iko mezani na inang'aa. Kwa mashine ya nyumbani, ya 0.01 mm inatosha karibu kila kazi. Chuma chenye urefu wa milimita 50 kikipata joto la nyuzi 5 tu kutoka kiganjani mwako, hurefuka kwa karibu 0.003 mm. Geji kali itakuonyesha hilo, itakuonyesha na mtikisiko wa mota, nawe utabaki unafukuza mshale usiotulia.

Geji ya wenzo, ile ndogo yenye ncha inayoyumba pembeni, ina mtego wake. Ncha yake ina urefu maalumu, na gia zimepangwa kwa urefu huo. Mwenye nayo wa kwanza akiivunja akafunga nyingine yenye urefu mara mbili, geji itasoma nusu ya ukweli, tena kwa ulaini wa kupendeza. Kwa hiyo nenda na fila geji, yale majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana. Weka ncha juu ya bapa, soma, ingiza jani la 0.10 mm chini yake, soma tena. Tofauti isipokuwa 0.10, uliza kuhusu ncha.

Ila kwanza hakikisha ncha imelala karibu sambamba na bapa. Ikisimama kwa digrii 60, hata geji nzima itasoma mara mbili ya mwendo halisi. Interapid za Uswisi ni tofauti kidogo: zimeundwa ncha ikae kwenye digrii 12 hivi, kwa hiyo usizihukumu kwa kuzilaza kabisa.

Pima pia shingo kwa kalipa. Nyingi za kimetriki, kama za Mitutoyo, zina shingo ya milimita 8. Za Marekani, kama Starrett, huwa na inchi 3/8, yaani 9.525 mm, nazo haziingii kwenye tundu la stendi la milimita 8.

Kama muuzaji yuko mbali, picha hazitoshi, ingawa moja inasaidia: geji ya fimbo ikiwa haijaguswa, mshale kwa kawaida hupumzika upande wa kushoto, karibu robo mzunguko kabla ya sifuri ya juu. Ukiukuta umelala mahali pengine, yawezekana ilifunguliwa au mshale uliteleza baada ya kuanguka. Mwombe video ya fimbo ikipanda na kushuka polepole mara tano, uso wote ukionekana. Mwenye geji nzima hiyo ni kazi ya dakika moja. Akikataa, mimi huwa siendelei na mazungumzo.