Maikrofilamu katika utafiti wa nasaba: maana yake na namna ya kuisoma

Maikrofilamu ni mkanda wa picha za nyaraka zilizopunguzwa mno hata jicho tupu haliwezi kuzisoma. Daftari la ubatizo, la ndoa au la maziko hupigwa picha ukurasa baada ya ukurasa, na mamia ya kurasa hizo huenea kwenye mkanda mmoja wenye upana wa milimita 35 na urefu wa mita 30 hivi. Msomaji huufunga mkanda kwenye mashine yenye taa na lenzi, akauzungusha hadi kurasa anazozitaka zitokee kwenye kiwambo.

Ufundi huu una miaka mingi. Mwingereza John Benjamin Dancer alitengeneza picha za namna hii mwaka 1839, na Paris ilipozingirwa na majeshi mwaka 1870, barua zilipunguzwa kwenye filamu zikaingizwa mjini kwa njiwa. Kwa wanaotafuta mababu zao, mwaka mkubwa ni 1938. Hapo ndipo Genealogical Society of Utah, chama cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kilipoanza kupiga picha rejesta za watu. Kazi hiyo ilienea nchi nyingi ikazaa mikanda milioni 2.4 hivi, na nakala mama zinatunzwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, Marekani. Mwaka 2021 chama hicho, ambacho sasa kinaitwa FamilySearch, kilitangaza kwamba mikanda hiyo imekwisha kugeuzwa kuwa picha za kidijitali.

Sababu ya jitihada zote hizo ni kwamba rejesta nyingi zina nakala moja tu. Hifadhi ya nyaraka ya Dublin ilipoungua mwaka 1922, karibu sensa yote ya Ireland ya miaka ya 1821 hadi 1851 iliteketea. Majina ya familia nzima nzima yalipotea siku ile, na hakuna utafiti utakaoyarudisha. Nakala iliyo mbali na jengo la asili ndiyo kinga ya msiba kama huo. Filamu ya poliesta, aina ya plastiki imara, ikitunzwa mahali pakavu na baridi inakadiriwa kudumu miaka 500, na kuisoma kunahitaji mwanga na lenzi tu. Ile ya zamani ya asetati, plastiki ya aina nyingine, huoza. Ikianza kunuka siki, inakiliwe upesi.

Lakini picha si waraka wenyewe, na hili watafiti wengi hulisahau, hasa wanaposoma kwenye kompyuta picha zilizotokana na filamu. Filamu nyingi ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi za wino hazionekani. Maneno yaliyoongezwa pembeni miaka arobaini baadaye kwa wino wa rangi nyingine huonekana kama ya karani yuleyule wa kwanza, na mtafiti akaamini tarehe isiyo ya kweli. Kikaratasi kilichobandikwa juu ya ukurasa huficha maandishi ya chini yake. Mpiga picha naye aliweza kuruka ukurasa, au kulenga vibaya.

Mara nyingine hakuna pa kurudi. Sensa za Marekani za mwaka 1900 hadi 1940 zilipigwa picha, kisha karatasi zake zikaharibiwa, hivyo jina lililotoka na ukungu kwenye filamu limebaki hivyo. Pale daftari la asili lilipo bado, ni vema kuomba kuliona kabla ya kuamua jambo zito, kwa mfano nani alikuwa baba wa nani.

Anza pia mwanzoni mwa mkanda, hata kama unajua ukurasa unaoutaka. Picha za kwanza kwa kawaida hutaja daftari, mahali na miaka yake, na mara nyingi mkanda mmoja hubeba madaftari kadhaa ya parokia tofauti. Unaponakili habari, andika jina la daftari, namba ya mkanda na namba ya picha, ili mwingine wa ukoo wako aweze kuufikia ukurasa uleule na kuusoma kwa macho yake.