Kutu ya kizingiti haibandikwi bati

"Fundi, wewe kata kipande cha bati, bandika juu ya hilo tundu la kizingiti hapo chini ya mlango, choma, piga puti ya kusawazisha, nipe gari langu." Hayo nayasikia karibu kila wiki, na kwa kawaida hufuatwa na la pili: "Halafu hapa Dodoma kukavu, kutu haiendelei." Safari hii kayasema mtu msomi, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, kuhusu gari analopakia watoto kuwapeleka shule. Nimeona niandike yaishe, atakayenijia tena na maneno hayo nimtumie aya hizi, presha yangu ipumzike.

Nianze na ukavu, maana huo ni mwepesi kuujibu. Ni kweli mvua zetu ni chache, za Disemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki hewa inapasua midomo. Gari ambalo limekaa huku maisha yake yote huchelewa kuoza. Tatizo ni kwamba hilo gari sijaletewa. Haya yetu yametumika kwanza Japani, na kama mwenye nalo aliishi Hokkaido au upande wowote wa kaskazini, barabara za kule zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Likapanda meli, likashuka Dar es Salaam, na wengi wenu mkaliendesha huko miaka na miaka, linalala Kigamboni au Mbezi Beach na upepo wa bahari, mpaka Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 nanyi mkafunga mizigo. Kutu ilikuja humo humo. Na mkishafika mnaliosha kwa maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Dodoma ladha yake tunaijua sote, chai yenyewe inasema. Ongeza vumbi letu jekundu: linaingia ndani ya vizingiti, linaziba yale matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini, likinyeshewa Januari linabaki bichi humo ndani siku nyingi wakati bodi kwa nje imeshakauka na inang'aa. Kutu inataka maji na hewa tu. Chumvi ikiwepo inakwenda mbio.

Sasa tuje kwenye kubandika, ambako ndiko hasira yangu iliko.

Gari dogo la kawaida, Corolla, IST, RAV4, halina chesisi chini yake kama Hilux au Land Cruiser za kazi. Bodi ndiyo chesisi. Nguvu yake imo kwenye maboksi yaliyokunjwa kwa bati: nguzo za milango, reli mbili za mbele zinazobeba injini, sehemu zinaposhikwa shokapu, na kizingiti, lile boksi refu unalolikanyaga ukipanda. Ukikitazama kizingiti kwa nje unadhani ni bati moja. Sivyo. Kuna la nje lenye rangi, kuna la ndani upande wa kapeti, na mara nyingi katikati lipo la tatu la kuimarisha, nene kuliko hayo mawili. Kiwandani yameshonwa pamoja kwa nukta za kuchomelea juu na chini. Chukua ganda la kiberiti ulipinde kwa vidole, utaona linavyokaza. Lichane upande mmoja tu, linalala lenyewe. Kizingiti kilichooza ni hilo la pili.

Na kutu ya hapo huanzia ndani. Maji hutulia chini ya boksi, kwenye ukingo ambapo mabati yanakutana, mahali ambapo rangi ya kiwandani ni haba. Inakula la ndani, inakula la kati, na siku unapoona rangi ya nje imevimba, lililobaki ndilo la mwisho. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kwa nje, ukifungua, mara nyingi ndani ni uozo wa kiganja kizima na zaidi. Unaniambia nibandike. Nibandike juu ya nini? Kingo za kiraka changu zitashika chuma ambacho upande wa pili kimeliwa nusu ya unene wake. Mwaka haupiti kinachanika pembeni ya mshono, kiraka chenyewe kikiwa kizima kabisa, na mwenye gari anasema mafundi wa Dodoma hawajui kuchomelea.

Juzi nimefungua RAV4 ya namna hiyo. Juu kabisa rangi, nzuri tu. Chini yake ile dawa nyeusi ya kupulizia uvunguni. Chini ya hiyo, puti, nene kama kidole gumba changu, na ndani ya puti nyufa zilizojaa maji. Kisha bati, na si bati la gari, ni bati la kuezekea, maandishi ya bluu ya geji 30 bado yanasomeka. Limeshikwa kwa nukta nane au tisa hivi, basi. Nyuma yake gazeti lililokunjwa, nadhani la kuzuia puti isidondoke. Kizingiti chenyewe nilikitoa kwa bisibisi na mkono. Huyu aliyelinunua aliambiwa gari halijawahi kuguswa.

Bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita. Bati la nje la gari ni kama milimita 0.7 au 0.8, na lile la kuimarisha linapita milimita moja. Zaidi ya hapo, la kuezekea lina zinki, na zinki ikipata moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta jioni yake unatetemeka homa kama una malaria. Mafundi wengi wataniambia kunywa maziwa. Maziwa ni matamu, nayanywa, lakini hayasaidii hapo. Fungua mlango wa karakana na usichome zinki.

Swali la mashine huwa linanipotezea muda, nalipita haraka. Mashine ya elektrodi, ile ya mageti na grili za madirisha, kwa chesisi ya Land Cruiser yenye chuma kinene sina ugomvi nayo. Kwa bati la milimita 0.8 inatoboa, fundi anaziba tundu, inatoboa pembeni, anaziba tena, mwisho unapata kilima cha chuma na chini yake hewa. Tumia mashine ya CO2, ile inayojilisha waya huku ikipuliza gesi, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Gesi iliyochanganywa na agoni inachoma kwa upole zaidi kwenye bati jembamba, CO2 tupu inapenya zaidi na kurusha cheche zaidi, zote zinafanya kazi. Na umeme ukiwa mdogo jioni, acha, rudi asubuhi. Betri ifunguliwe, kapeti na viti vitoke, bomba za mafuta zijulikane zinapita wapi, na mtu asimame upande wa ndani na maji. Haya siyarudii.

Ninalolirudia ni hili: kata mpaka ufike chuma kizima pande zote mbili. Pande zote mbili! Kila fundi kijana anapitisha grainda kwa nje, kinang'aa, anafurahi, anachoma. Geuza kioo kidogo uangalie nyuma, au ingiza kidole. Kama nyuma pana magamba, hujafika. Kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na mara nyingi ina unyevu ndani yake; ikiingia kwenye chuma kilichoyeyuka inatoka kama gesi, mlio unakatika-katika, mshono unatoka umejaa vitundu. Unaweza kuusaga ukawa laini na kuupaka rangi, lakini hauna mshiko. Hizi dawa za kupaka zinazogeuza kutu kuwa nyeusi zina kazi yake juu ya kutu nyepesi ya juu juu. Hazirudishi unene uliokwisha liwa.

Kabla ya kukata, tegemeza gari. Hapa napo pana balaa. Mtu anapandisha jeki katikati, magurudumu yananing'inia, anakata kizingiti chote kwa mkupuo, gari linapinda kidogo pale katikati kwa kiasi ambacho macho hayaoni, anachoma kizingiti kipya, anashusha, mlango haufungi. Kisha anaanza kupiga bawaba nyundo. Weka gari kwenye stendi karibu na inaposhikwa miguu ya mbele na nyuma, pima nafasi za milango kote kabla na uandike chaki kwenye kioo, choma bomba la muda kuvuka uwazi wa mlango, kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Na kipande kikishakaa kwa nukta chache, rudisha mlango, ufunge na ufungue, kabla hujachoma zaidi. Kuchelewa kwangu kunakowaudhi wateja ni huku kufunga na kufungua milango.

Kipande chenyewe nakikunja kwa shiti ya chuma ya milimita 1, na la kuimarisha kwa 1.2 au kinachofanana na nililolikuta. Pale kiwanda kilipopiga nukta, mimi natoboa bati la juu tundu za milimita 8, nabana na koleo la kubana, nazijaza. Penye mshono napiga kidogo hapa, naruka kule, nasubiri pahali paweze kuguswa na mkono, narudi. Ukikimbiza mshono wa nusu mita kwa mara moja bati linajikunja, na hakuna nyundo itakayolirudisha lilivyokuwa. Kumwagia maji ili lipoe haraka ni kujitafutia mengine.

Je, kipande kikae sambamba ukingo kwa ukingo, au kipande juu ya kipande? Vitabu vinapenda ukingo kwa ukingo. Kwa nje nakubali. Kwa ndani ya boksi mimi mara nyingi napandisha kidogo juu ya bati zima, maana uwazi usio sawa kwenye bati jembamba unatoboka, na mshono uliotoboka-toboka na kuzibwa ni mbaya kuliko pindo. Lakini pindo hilo linaweka mfuko mwembamba wa maji, nami nalijua hilo kila ninapolifanya. Nalipaka praima ya zinki kabla ya kufunga, na bado halinipi usingizi mzuri.

Wasiwasi mkubwa zaidi ni huu, na mafundi hatuusemi mbele ya mteja: gari nililolichomelea vizuri linasimama sawa, milango inafunga, jeki inapandisha bila mlio. Likigongwa ubavuni litafanyaje? Hakuna anayeligongesha ukutani ili apime. Magari mapya zaidi yana chuma kigumu maalumu kwenye nguzo na vizingiti, na moto wangu unakilegeza. Hayo nayakataa, au nabadilisha kipande kizima pale tu mtengenezaji anaporuhusu kikatwe. Kwa ya zamani nafanya, nikikumbuka kanuni ya Uingereza: ukaguzi wao wa kila mwaka unaangalia kwa ukali kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikwa usukani, breki, shokapu au mkanda wa kiti, na kiraka hapo lazima kichomwe mshono mfululizo kuzunguka. Sisi hatuna mkaguzi wa namna hiyo anayekuja karakanani. Futikamba ninayo.

Ukimaliza kuchoma, kazi haijaisha, na hapa ndipo mteja anapoanza kuangalia saa. Moto umeunguza rangi upande wa ndani wa boksi, kwa hiyo chuma kilicho uchi kuliko vyote kwenye gari sasa ni kile kilicho nyuma ya mshono wangu. Usipokifikia, utaniona tena. Napuliza nta ya ndani ya maboksi kupitia matundu ya kutolea maji, naiagiza Dar es Salaam, si rahisi. Wengi wanamimina oili chafu. Nimefungua vizingiti vya oili chafu vikiwa kama vipya, na nimefungua vingine oili imeshikana na vumbi, imekuwa tope linaloshika maji. Nasita kuipendekeza, na mwenzangu atakayekuja kuchomelea hapo baadaye atawasha moto wa kweli. Ukilazimika, angalau zibua matundu kwanza.

Kama unataka kununua gari, beba sumaku, ile ya spika mbovu inatosha. Ifunge kitambaa isikwangue rangi, pitisha chini ya milango pande zote mbili. Inaposhika vizuri, bati. Inapoteleza, puti. Kisha inua kapeti ya miguuni kwa dereva na ubonyeze pembeni kwa mpini wa bisibisi. Muuzaji akikataa usiinue kapeti, muage kwa heshima.

Na ukija kwangu, osha uvungu kwanza, tangi liwe na mafuta kidogo, kapeti umeshaitoa mwenyewe nyumbani. Kutoa kapeti nakutoza.