Arosto: hatari ya kuacha pombe au dawa za kulevya ghafla bila uangalizi wa daktari

Arosto ni hali inayompata mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzoea pombe au dawa ya kulevya, pale anapoikosa au anapoipunguza kwa ghafla. Mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, jina hilo hutajwa zaidi kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, anayetokwa na kamasi, kutetemeka na kujikunyata kwa maumivu ya mifupa na tumbo. Mnywaji wa pombe wa kila siku naye ana arosto yake, na kwa jicho la kitabibu hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu arosto ya unga hutesa sana lakini yenyewe huua kwa nadra, ilhali ya pombe inaweza kumuua mtu ndani ya siku chache akiwa ndugu zake wanamtazama na kushukuru kwamba hatimaye ameacha.

Sababu iko katika ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa kemikali za kutuliza na kemikali za kuamsha, na pombe huzipa nguvu zile za kutuliza, hasa iitwayo GABA, huku ikizibana zile za kuamsha, hasa glutamati. Mtu anapokunywa sana kila siku kwa miezi na miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kuendelea na kazi zake ndani ya ulevi, kwa kupunguza usikivu wake kwa utulizaji na kuzidisha ule wa uamsho. Siku pombe inapokatika, marekebisho hayo hayaondoki pamoja nayo. Unabaki ubongo ulioamshwa kupita kiasi bila cha kuutuliza, na msukosuko huo husambaa mwilini: mapigo ya moyo hupanda, shinikizo la damu hupanda, jasho hutoka na mikono hutetemeka.

Dalili za mwanzo huonekana kwa kawaida kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Ni zile zinazowafanya wanywaji wengi kuzimua asubuhi kwa glasi ya gongo au chang'aa ili mikono itulie, na mtu aliyefikia hatua hiyo ya kuzimua kila siku ndipo awe tu sawa, mwili wake umekwisha kuwa tegemezi, hata kama bado anakwenda kazini na kulipa ada za watoto. Degedege la mwili mzima linaweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza, wakati mwingine kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa maishani. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne hivi, baadhi yao huingia katika hali mbaya kuliko zote, ambayo madaktari huiita delirium tremens: mgonjwa hapotewi na fahamu kabisa, lakini hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, huweweseka, hupata homa, na huona maruweruwe, mara nyingi wadudu au wanyama wanaomtambaa. Kabla ya tiba za kisasa, hali hiyo iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 3. Leo, kwa mgonjwa aliyewahishwa na kutibiwa ipasavyo, vifo viko chini ya asilimia 5.

Tofauti hiyo kubwa ya vifo inategemea mtu mmoja kutambua anachokiona, na hapo ndipo tunapopoteza watu. Wengi hawaingii katika arosto kwa kuamua kuacha. Wameshikwa na polisi na kulala mahabusu, au wamevunjika mguu na kulazwa wodi ya mifupa, au malaria imewalaza kitandani wakashindwa kwenda kilabuni. Na wapo walioamua kwa nia njema kuacha siku moja, kama inavyotokea mwezi wa Ramadhani unapokaribia. Siku ya tatu mgonjwa anaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo na kukung'uta shuka, na jamaa wanasema amepandisha mashetani au amerogwa. Anafungwa kamba, anapelekwa kuombewa au kusomewa, na saa ambazo zingetosha kumwokoa zinapita. Silaumu dua wala imani ya yeyote. Dua na sindano vinaweza kwenda pamoja, ila mtu mwenye homa, jasho na maruweruwe siku chache baada ya kukosa pombe ni mgonjwa wa dharura, na hospitali iwe kituo cha kwanza.

Hatari hiyo ya degedege na kuweweseka inahusu pia vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepam, pamoja na vile vinavyouzwa pwani ya Kenya kwa jina la bugizi, kwa kuwa navyo hufanya kazi kupitia GABA. Aliyevimeza kwa muda mrefu hupunguziwa dozi polepole, kwa wiki na pengine kwa miezi. Bangi, miraa na kokeini zina arosto isiyoleta degedege, ingawa anayeacha kokeini anaweza kuzama katika huzuni nzito hadi kufikiria kujiua, na hapaswi kuachwa peke yake.

Uangalizi wa kitabibu una maana mahususi. Mhudumu hupima ukali wa dalili mara kwa mara na kutoa dawa, mara nyingi diazepam, kwa kiwango kinachopungua siku hadi siku, ili ubongo urudi taratibu katika hali yake. Hutoa pia vitamini B1, yaani thiamini, na kwa mgonjwa aliyedhoofika huitoa kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo, kwa sababu walevi wengi hula kidogo, na sukari ikiingia katika mwili uliokwisha thiamini inaweza kuchochea madhara ya ubongo yanayofuta kumbukumbu kwa kudumu. Hutafuta vilevile maradhi yanayojificha nyuma ya kutetemeka, kama vile nimonia, jeraha la kichwa au sukari iliyoshuka. Hakuna moja kati ya hayo linaloweza kufanywa kwa kununua diazepam dukani na kujikadiria, maana dawa hiyo ikikutana na pombe mwilini inaweza kuzuia pumzi.

Sasa unga. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu na hupoa ndani ya wiki moja hivi. Kutapika na kuharisha kunaweza kukausha maji mwilini hadi kuua, hasa mtu akiwa amefungiwa chumbani bila wa kumnywesha, na kwa mjamzito kuacha ghafla kunahatarisha mimba, ndiyo maana hushauriwa kuanzishiwa methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini. Lakini hatari kubwa huja baada ya mateso kwisha. Mwili uliosafika hupoteza ustahimilivu wake kwa haraka, na kete ile ile ambayo mwezi uliopita ilimtuliza tu, leo inaweza kumzimia pumzi. Familia inayomfungia kijana wiki mbili, kisha ikamwachia bila tiba wala msaada, huwa imemtoa nje akiwa dhaifu mbele ya unga kuliko alivyoingia. Hali hiyo hiyo humkuta anayetoka gerezani. Methadoni, ambayo ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, Mwananyamala mwaka uliofuata, na kufika Malindi mwaka 2015, humwondolea mtu arosto kila siku na kumlinda dhidi ya kifo cha namna hiyo, mradi aendelee nayo.

Si kila anayeacha pombe anahitaji kulazwa. Mwenye dalili nyepesi, mwenye afya na mtu wa kumwangalia, anaweza kuhudumiwa akiwa nyumbani baada ya kuonwa na mhudumu. Anayestahili kitanda cha hospitali ni aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha zamani, kwani kila awamu ya kuacha na kurudia huwa inaelekea kuwa kali kuliko iliyotangulia, pamoja na mzee, mjamzito, mgonjwa wa ini au moyo, na anayechanganya pombe na vidonge. Hao wasiache ghafla wala wasijipangie siku ya kuacha kabla ya kuonwa. Degedege likimkuta mtu nyumbani, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Anayempeleka amweleze daktari bila kuficha alikuwa akitumia nini, kiasi gani kwa siku, na saa ya mwisho aliyotumia, kwa sababu jibu hilo la mwisho ndilo linalomwonyesha daktari kama degedege jingine au maruweruwe bado yako njiani.