Meneja wa kituo cha afya si lazima awe daktari

Wengi hudhani ofisi ya hospitali huendeshwa na daktari aliyechoka kutibu, au na yeyote anayejua kupokea simu. Sivyo. Chuo Kikuu Mzumbe, Tanzania, kina shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya, na huko hufundishwi kudunga sindano. Unasoma fedha, rasilimali watu, takwimu na, penye pesa hasa, bima. Fomu ya madai ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya nchini humo, ikikosa saini ya mgonjwa, au dawa zisipolingana na ugonjwa ulioandikwa, malipo yanaweza kukatwa, hata kama mgonjwa alitibiwa vizuri kabisa. Daktari mwenye foleni mlangoni ataikagua saa ngapi? Kwa Kenya, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu za afya, mlango mwingine wa kuingilia kazi hii.